Pima mwanzi kwanza, uchore baadaye

Wengi wanaoniuliza kuhusu kujenga kwa mianzi kwa msaada wa kompyuta huanza na mashine: ipi inakata yenyewe, bei gani, inapatikana wapi. Mimi huwarudisha kwenye mwanzi. Bomba la chuma lina kipenyo kilekile toka ncha hadi ncha. Mwanzi ni mnene shinani na mwembamba kileleni, pingili zake (vipande vilivyo kati ya vifundo) hazilingani, na mingi ina kombo. Ukichora jengo kana kwamba mianzi yote ni sawa, utapata picha ya kupendeza ambayo fundi hawezi kuisimamisha.

Jengo ninalopenda kulifundishia ni banda la ZCB (Zero Carbon Building) huko Kowloon Bay, Hong Kong, lililosanifiwa na msanifu majengo Kristof Crolla na kujengwa mwaka 2015. Mianzi mikubwa 475 ilipindwa na kufungwa kwa waya, kwa mikono, ikawa wavu mmoja uliovuka mita 37 na kuteremka hadi chini kwa nguzo tatu zilizo wazi ndani, kila moja ikikaa juu ya msingi wa zege wa duara. Juu yake walivuta kitambaa cheupe, na chini yake walienea watu 200. Ufundi wa kufunga ulitokana na ule wa wajenzi wa majukwaa ya mianzi yanayozunguka maghorofa ya mji huo.

Sasa, ikiwa mikono ndiyo iliyofunga, kompyuta ilikuwa na kazi gani? Kulitafuta umbo. Mwanzi uliopindwa unataka kunyooka. Ukiufunga na mingine inayotaka kunyooka upande tofauti, inazuiana, na mzuiano huo ndio unaolipa jengo ugumu. Umbo la namna hiyo huwezi kulibuni kwa kuchora mstari unaokuvutia. Programu kama Kangaroo, inayofanya kazi ndani ya Grasshopper (programu ya kuunda maumbo kwa kanuni na namba), huuchukulia kila mwanzi kuwa mnyororo wa vipande vinavyokataa kupindwa. Unasogeza ncha zake, nayo inakokotoa mpaka nguvu zote zitulie. Linalobaki ni umbo ambalo mianzi yenyewe imelikubali, na hapo unaona mapema ni wapi imepindwa mno kiasi cha kuweza kuchanika.

Lakini matokeo hayo ni mazuri kadiri ya namba ulizoingiza. Mwanzi wa China hauna ukinzani sawa na ule wa misitu ya Aberdare au Mau nchini Kenya, na kunakili namba za jengo la watu ni hatari. Jaribuni mianzi mtakayoitumia. Kiwango cha kimataifa cha ISO 22157 cha mwaka 2019 kinaeleza jinsi ya kuijaribu, na ISO 22156 cha mwaka 2021 kinahusu usanifu wa miundo yenyewe.

Hiyo ni njia moja ya kutumia kompyuta. Njia ya pili huanzia kwenye rundo la mianzi. Kila mmoja unapigwa skana, kompyuta inapata mstari wake wa katikati, vipenyo na mahali pa vifundo, kisha inachagua upi ukae wapi: mnene penye mzigo, wenye kombo mahali ambapo kombo litafaa. Naithamini sana njia hii kwa sababu mianzi ambayo ingetupwa inapata kazi.

Na skana si lazima. Kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), futi ya kupimia na jedwali la kompyuta vinatosha kuanzia. Andika namba kwenye kila mwanzi. Mwanzi unapokutana na mwingine kwa pembe, ncha yake hukatwa mkato wa mviringo ili ikumbatie mwenzake. Programu inaukunjua mkato huo ukawa mchoro bapa, unauchapa kwa ukubwa halisi, unaizungushia karatasi ncha ya mwanzi, unafuata alama kwa msumeno. Panga mkato uwe karibu na kifundo, maana katikati ya pingili mwanzi huchanika upesi.

Dawa ya boraksi na asidi ya boriki dhidi ya bungua iwe imeshaingia kabla ya hayo yote, na mianzi iwe imekauka. Mwanzi mbichi husinyaa ukikauka, kipenyo kinapungua, na mkato uliokaa barabara siku ya kupima unaachia nafasi. Waya nao unalegea. Anika kwanza, kivulini, ndipo utoe kalipa.