Kitu kidogo garini si kitu salama

Imani kwamba mzigo mzito pekee ndio wa kuogopwa ndani ya gari imekaa vichwani mwa watu kwa miaka mingi, nayo si sahihi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa linapogonga ukuta, husimama kwa sehemu ndogo ya sekunde. Lakini chupa ya maji iliyoachwa juu ya kiti cha nyuma haina kinachoizuia, hivyo huendelea mbele kwa kasi ileile hadi ikutane na kiti, kioo au kichwa cha mtu. Kasi hiyo ni sawa na ya kitu kilichoanguka kutoka urefu wa karibu mita 10. Chupa ya kilo 1 ikisimamishwa ndani ya sentimita 5, nguvu ya wastani ya pigo hulingana na uzito wa takriban kilo 200, na kasi ikiongezeka maradufu, nishati yake huongezeka mara 4.

Wapo wanaoamini kuwa wataushika mzigo kwa mikono. Hakuna mikono inayoweza kuhimili nguvu hiyo, na jambo hili linahusu zaidi, kwa uchungu mkubwa, mtoto anayepakatwa.

Vitu vizito viwekwe chini kabisa ndani ya buti, vikiegemea kiti cha nyuma, na vifungwe. Chupa isiachwe sakafuni upande wa dereva, kwani ikibingirika chini ya kanyagio la breki inaweza kusababisha ajali yenyewe.