Bodi ya maikrokontrola: maana yake, na jinsi ya kuichagua na kuisanidi

Maikrokontrola ni kompyuta nzima iliyokusanywa ndani ya chipu moja. Ina kichakataji, kumbukumbu ya flashi inayohifadhi programu, RAM ya kufanyia kazi, na pini za kupokea na kutuma ishara. Haina skrini wala kibodi, na mara nyingi haina hata mfumo wa uendeshaji. Ikipata umeme inaanza kutekeleza programu iliyomo, na inairudia hadi umeme ukatike. Ndiyo inayosoma vitufe vya rimoti, inayopanga mizunguko ya mashine ya kufulia na inayolinda joto la printa.

Chipu ikiwa peke yake haishikiki kirahisi. Miguu yake imebanana, inataka volti isiyoyumba, na haina soketi ya kuiunganisha na kompyuta yako. Bodi ni chipu hiyo hiyo ikiwa imeshafungiwa mahitaji yake: soketi ya USB, kidhibiti cha volti, kristali ya saa (inayotoa mapigo yanayoongoza kasi ya chipu), kitufe cha riseti, taa ya LED, na pini zilizoachana kwa milimita 2.54 ili ziingie kwenye bredbodi, yaani ubao wa matundu wa kuunganishia saketi bila kulehemu. Bodi nyingi zina pia chipu ya pili, kwa mfano CH340 au CP2102, ambayo kazi yake ni kubadili USB kuwa mawasiliano ya siriali, yanayotuma biti moja baada ya nyingine.

Kutofautisha chipu na bodi kunaokoa muda mwingi baadaye. ESP32 ni chipu ya Espressif iliyotoka mwaka 2016, na bodi zinazoibeba ni nyingi mno, kila moja na kidhibiti chake cha volti, taa yake na ukubwa wake wa flashi. Arduino Uno ya R3, ninayoiita Uno hapa, ni bodi, chipu yake ni ATmega328P. Raspberry Pi Pico ya mwaka 2021 ni bodi, chipu yake ni RP2040. Lakini Raspberry Pi zile kubwa haziko kwenye kundi hili, kwa sababu zinaendesha Linux na ni kompyuta kamili. Kwa hiyo mtu akikuambia "mimi natumia ESP32", bado hajakuambia ana bodi gani.

Anza na umeme

Wanaoanza wengi hulinganisha megahezi, yaani kasi ya chipu. Mimi naliweka swali hilo mwisho kabisa. La kwanza ni hili: kifaa kitapata wapi umeme? Kama kitachomekwa ukutani, una uhuru mkubwa. Kama kitategemea betri, umeme ndio utakaoamua karibu kila kitu.

Tuchukue sensa ya unyevu wa udongo inayopima kila baada ya dakika 10, ikitumia betri ya miliampia-saa 2,000. Chipu ya ESP32 ikiwa katika usingizi mzito hutumia takriban maikroampia 10. Kwa hesabu hiyo peke yake, betri ingedumu saa 200,000, yaani zaidi ya miaka 22, ingawa betri yenyewe ingeishiwa kwa kuzeeka muda mrefu kabla ya hapo. Sasa iweke chipu hiyo kwenye bodi yenye kidhibiti cha volti cha aina ya AMS1117. Kidhibiti hicho kinakula takriban miliampia 5 hata kama hakuna kinachofanyika. Gawa 2,000 kwa 5: unapata saa 400, chini ya siku 17, na hapo bado hujahesabu taa ya umeme inayowaka muda wote. Programu ni ile ile na chipu ni ile ile, ila bodi imekula betri. Ndiyo maana kwa kazi ya betri ni lazima usome mchoro wa saketi ya bodi, siyo sifa za chipu tu, na utafute bodi iliyotengenezwa kwa ajili ya matumizi madogo ya umeme.

Kuna upande wa pili pia. Wi-Fi inaporusha data, ESP32 inaweza kuvuta zaidi ya miliampia 200 kwa mpigo. Kebo nyembamba au chanzo dhaifu kikishindwa kutoa kiasi hicho, volti inashuka na chipu inajiwasha upya. Aliyeandika programu atatafuta kosa kwenye msimbo usiku kucha, na kosa haliko huko.

Volti, pini, kumbukumbu

Uno inafanya kazi kwa volti 5. ESP32 na Pico zinafanya kazi kwa volti 3.3, na pini zao hazikutengenezwa kupokea 5. Sensa ya umbali ya HC-SR04 ya kawaida inarudisha ishara ya volti 5 kwenye pini yake ya Echo. Kwa Uno unaunganisha moja kwa moja. Kwa ESP32 unaweka rezista mbili kati ya Echo na ardhi, ohmu 1,000 ikifuatiwa na ohmu 2,000, kisha unachukua ishara pale zinapokutana. Theluthi mbili za 5 ni kama 3.3, na chipu iko salama.

Kuhusu pini, usiridhike na idadi. ESP32 ya mwanzo inaonyesha pini nyingi, lakini GPIO (pini za matumizi ya jumla) 6 hadi 11 kwa kawaida zimeshikwa na flashi, kwa hiyo usiziguse. GPIO 34 hadi 39 zinapokea tu, haziwezi kuwasha kitu. Pini za analogi zilizo kwenye ADC2, kipimaji cha pili cha volti ndani ya chipu, hazisomeki Wi-Fi ikiwa inatumika. GPIO 12 nayo ina mtego wake: chipu inapowaka huiangalia pini hiyo ili kuamua volti ya flashi, kwa hiyo ukiifunga sensa inayoivuta juu, bodi yenye flashi ya volti 3.3 inakataa kuwaka. Ukiichomoa sensa inawaka vizuri, na unaanza kuilaumu sensa bure. Chora kwenye karatasi kila kifaa na pini yake kabla hujanunua bodi. Pini zikigongana kwenye karatasi, zitagongana na kwenye meza.

RAM huisha mapema kuliko watu wanavyodhani. ATmega328P ina flashi ya kilobaiti 32 na RAM ya kilobaiti 2 tu. Skrini ndogo ya OLED yenye nukta 128 kwa 64 inahitaji picha yake yote itunzwe kwenye RAM na maktaba (msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine) nyingi za michoro: 128 mara 64 ni biti 8,192, ambazo ni baiti 1,024. Nusu ya RAM imekwenda kabla hujaandika neno lolote. RP2040 ina kilobaiti 264, na ESP32 ina 520, kwa hiyo kazi ya skrini au ya kuhifadhi vipimo vingi inapumua vizuri huko.

Kasi? Uno ina megahezi 16, na kwa kusoma joto, kuwasha rilei au kuendesha mota ndogo hiyo inatosha na kubaki. Ukihitaji Wi-Fi, ESP32 inayo. Pico ya kwanza haina, Pico W ya mwaka 2022 inayo. Kwangu mimi, bodi yenye maelezo mazuri na maktaba zinazotunzwa inaishinda bodi yenye kasi zaidi isiyo na nyaraka.

Kusanidi ni nini hasa

Kusanidi bodi ni kuiambia programu ya kompyuta yako ukweli kuhusu bodi uliyonayo. Ndiyo maana nasema kuchagua na kusanidi ni kazi moja: yale uliyoyapima wakati wa kuchagua, yaani aina ya chipu, kasi ya saa, ukubwa wa flashi na mpangilio wa pini, ndiyo yale yale unayoyajaza kwenye menyu. Ukichagua jina la bodi kwenye Arduino IDE, programu ya kuandikia na kupakia msimbo, nyuma ya jina hilo kuna orodha hiyo nzima. Jina likikosewa, orodha yote ni uongo, na mara nyingine mambo yanaenda nusu nusu.

Arduino Pro Mini inaonyesha hili vizuri sana. Ipo ya volti 5 na megahezi 16, na ipo ya volti 3.3 na megahezi 8. Zinafanana mno. Chomeka ile ya 8, halafu chagua 16 kwenye menyu. Programu inapakiwa bila lalamiko lolote, kwa sababu butiloda (programu ndogo inayopokea msimbo wako) iliyomo kwenye chipu inajua saa yake ya kweli. Lakini msimbo wako umekusanywa (umegeuzwa kuwa lugha ya chipu) kwa kuamini saa inakimbia mara mbili ya ilivyo. Kwa hiyo `delay(1000)` inachukua sekunde 2, na siriali uliyoiweka biti 9600 kwa sekunde inatoka kwa 4800. Kwenye kidirisha cha siriali unaona herufi za ajabu ajabu. Ukiona maandishi yameharibika na muda wote umerefuka maradufu, usiguse waya, nenda kwenye menyu.

Pico na Pico W nazo zina la kwao. Kwenye Pico taa imefungwa GPIO 25. Kwenye Pico W taa hiyo inaongozwa kupitia chipu ya Wi-Fi. Ukiacha menyu ikisema Pico, programu ya kuwasha na kuzima taa itapakiwa na taa haitawaka kamwe, ingawa bodi ni nzima kabisa.

ESP32 inaongeza suala la kugawa flashi. Kwenye bodi ya megabaiti 4, mgao wa kawaida wa Arduino unaacha nafasi mbili za programu ili kifaa kiweze kupokea toleo jipya kwa Wi-Fi bila kufuta la zamani. Kila nafasi ni baiti 1,310,720. Hivyo unaweza kuambiwa programu ni kubwa mno ilhali flashi ina nafasi tele. Unachotakiwa kuamua ni kama kifaa kitasasishwa kwa mbali. Kama hapana, chagua mgao wenye nafasi moja kubwa. Kama ndiyo, punguza programu. Ukubwa wa flashi unaouandika uwe ule uliopo kweli, usikadirie.

Kompyuta isipoiona bodi kabisa, jaribu kwanza kebo nyingine. Kebo nyingi za USB ni za kuchajia tu, hazina nyaya za data, na zinawasha taa ya bodi vizuri kiasi cha kukuhadaa. Kisha angalia kama draiva ya CH340 au CP2102 ipo. Kwenye Linux mtumiaji huwa anahitaji kuwa kwenye kundi la `dialout` ili aruhusiwe kutumia `/dev/ttyUSB0`. Baadhi ya bodi za ESP32 zinataka ushikilie kitufe cha BOOT wakati wa kuanza kupakia. Pico ukiichomeka huku umeshikilia BOOTSEL inajitokeza kama flashi diski, unaburuta faili la UF2, lenye programu yako iliyokusanywa, na kuliachia humo, basi.

Bodi ikishakubali, usifunge kila kitu kwa mkupuo. Washa taa yake kwanza, hapo umethibitisha chipu, saa na upakiaji. Tuma neno moja kwa siriali, hapo umethibitisha kasi ya mawasiliano. Ndipo ufunge sensa moja, uisome, uongeze ya pili.

Na usanidi uliofaulu usiuache kwenye menyu, kwa sababu menyu hubadilika ukigusa mradi mwingine. Wanaotumia PlatformIO, zana nyingine ya kuandikia na kupakia msimbo, wanauandika kwenye faili la `platformio.ini` ndani ya mradi wenyewe: jina la bodi, kasi ya siriali, faili la mgao wa flashi. Wanaotumia Arduino IDE wanaweza kuandika mambo hayo hayo kama maelezo juu kabisa ya msimbo, pamoja na toleo la kifurushi cha bodi, maana kifurushi kikipanda toleo baadhi ya maktaba hukataa kukusanywa. Mradi ukifunguliwa mwaka ujao na mtu mwingine, atajua mara moja bodi gani inatakiwa mezani.