Je, wajua kwa nini Zelda II, gemu ya video ya kampuni ya Nintendo, ilipewa jina baya, na kwa nini haikulistahili?

Gemu inaanzia ndani ya kasri. Binti mfalme amelala juu ya jukwaa la mawe, hatikisiki. Link, shujaa unayemwendesha, amesimama mbele yake na upanga mfupi na ngao. Hakuna mzee wa kumwelekeza, hakuna mshale wa kumwonyesha njia. Unatoka nje upande wowote unaoupenda, na kabla nusu saa haijaisha umeshakufa mara tatu, umerudishwa pale pale alipolala binti mfalme, na pointi zako ulizozihangaikia zimefutwa zote. Hapo ndipo wengi wanapoiacha Zelda II: The Adventure of Link. Wakiulizwa baadaye ni gemu ipi mbovu katika ukoo mzima wa Zelda, jibu wanalo mdomoni.

Kwa miaka mingi imekuwa mtoto wa kambo wa ukoo huo: inahesabiwa kwa kuwa haiwezekani kuiruka. Nimeicheza hadi mwisho zaidi ya mara moja, na kila nikiimaliza naamini zaidi kwamba ilihukumiwa kwa sheria iliyotungwa baada yake. Sasa, ilipataje jina hilo baya? Na ukiitazama yenyewe, bila kuipima kwa ndugu zake, ina nini ndani?

Turudi Japani, tarehe 21 Februari 1986. Siku hiyo Nintendo ilitoa The Legend of Zelda pamoja na Disk System, kifaa cha kusoma diski kilichounganishwa na mashine ya Famicom, ile ambayo Marekani na Ulaya iliitwa NES. Ulimwona Link kutoka juu, kama mtu anayetazama ramani, ukamtembeza skrini moja baada ya nyingine. Gemu ikapendwa mno. Tarehe 14 Januari 1987, hata mwaka haujatimia, ya pili ikatoka.

Shigeru Miyamoto, aliyeiongoza ile ya kwanza pamoja na Takashi Tezuka, safari hii alikuwa mtayarishaji. Uongozaji walipewa Tadashi Sugiyama na Yasuhisa Yamamura, na muziki ukatoka kwa Koji Kondo ukaenda kwa Akito Nakatsuka. Wazo la mwanzo halikuwa kurudia kilichopendwa. Miyamoto alitaka gemu ya kutazama kwa ubavu ambamo upanga na ngao vinafanya kazi juu na chini, kwa kushambulia na kwa kujikinga. Ramani ikabaki ya kutazamwa kutoka juu, lakini ukigusana na zimwi porini, au ukiingia mjini, pangoni au kasrini, skrini inageuka na Link unamwona kwa ubavu, akikimbia, akiruka, akiinama. Akiua maadui anapata pointi za uzoefu, na pointi zinampandisha ngazi. Jambo hilo la pointi lilikuwa motomoto Japani wakati ule, maana Dragon Quest, gemu yenye pointi za aina hiyo, ilikuwa imetoka Mei 1986 na kuwateka wachezaji wengi.

Sasa fikiria hali ilivyokuwa mwaka 1987. Gemu za Zelda zilikuwa ngapi? Moja. Hakuna aliyeweza kusema “Zelda haichezwi hivi”, kwa sababu Zelda ilikuwa bado haijawa na “hivi”. Isitoshe, katika miaka ile mwendelezo wa gemu haukudaiwa ufanane na mtangulizi wake. Castlevania II ya 1987 iliacha mtindo wa hatua baada ya hatua ikaingia katika nchi iliyo wazi, yenye miji na usiku na mchana. Super Mario Bros. 2 iliyouzwa Marekani mwaka 1988 ilitengenezwa kutokana na gemu nyingine kabisa, Doki Doki Panic. Final Fantasy II, mwaka huo huo, ilitupa pointi za uzoefu na badala yake kila ujuzi ukakua kwa kutumiwa. Kubadilika ndiko kulikokuwa desturi.

Wanunuzi hawakuikimbia Zelda II. Iliuza zaidi ya nakala milioni 4. Lawama zilikuja kushika kasi baadaye, na chanzo chake kina tarehe: Novemba 1991, ilipotoka A Link to the Past, Zelda ya tatu. Gemu ile ilirudi kwenye mtazamo wa kutoka juu, ikaweka utaratibu wa kupata kifaa kipya ndani ya kila ngome na kukitumia kufungua njia zaidi. Ikaja Ocarina of Time mwaka 1998 ikaufuata utaratibu huo katika ulimwengu wa pande tatu. Kuanzia hapo watu walijua Zelda ni nini, wakageuka nyuma na kumwona mmoja aliyesimama peke yake. Alikuwa amepotoka, wakasema. Ukweli ni kwamba ndugu zake ndio waliochagua njia nyingine baada yake.

Ngoja nieleze pambano moja tu, kwa sababu hapo ndipo ilipo roho ya gemu hii.

Ndani ya makasri kuna askari wa deraya aitwaye Iron Knuckle. Ana upanga na ngao kama wewe. Link akisimama, ngao inamkinga kifua. Akiinama, inamkinga miguu. Hakuna kitufe cha ngao. Mkao wako ndio ngao yako. Askari naye yuko vivyo hivyo: ukichoma juu anainua ngao, ukichoma chini anaishusha, na wewe ukiwa bado unatafuta mwanya yeye anachoma, mara kifuani, mara magotini. Upanga wa Link ni mfupi kiasi kwamba ukitaka kumfikia adui lazima usimame pale ambapo naye anakufikia. Anayeanza hubonyeza kwa pupa, akafa. Halafu siku moja mkono unaelewa kabla ya kichwa. Unaruka, unachoma huku unashuka, ncha ya upanga inapita juu ya ngao yake kabla hajaiinua, unatua umeinama na ngao yako tayari iko chini kupokea pigo lake. Unasimama, unarudi nyuma hatua moja, unaanza tena.

Haya yote kwa vitufe viwili na msalaba wa kuelekeza. Sijui gemu nyingine ya mashine ile iliyofanya pambano la watu wawili wenye panga lisomeke wazi hivi. Katika Zelda ya kwanza ulimshinda adui kwa kusimama mahali panapofaa. Hapa unamsoma mwili: bega, goti, mkono. Ukiwahi kumzunguka askari mmoja katika Ocarina of Time ukisubiri ashushe ngao yake, kwa maoni yangu ulichokuwa unacheza ni mtoto wa pambano hili.

Kuna na hesabu ya pointi, ambayo wengi huiona ni mzigo. Ukifikisha pointi 50 mwanzoni, gemu inakusimamisha na kukuuliza: unataka kuongeza uhai? Unaweza kukubali. Unaweza pia kukataa na kusubiri 100 uongeze uchawi, au 200 uongeze nguvu ya upanga. Kila kimoja kati ya hivyo vitatu kinapanda hadi ngazi ya nane. Sasa weka akilini kwamba maisha yako yakiisha, pointi zote ulizobakiza zinarudi sifuri. Basi umesimama ndani ya pango la giza, una pointi 170, umebakiwa na maisha mamoja, na mbele yako kuna mlango usioujua. Unaingia, au unarudi ulikotoka ukatafute hizo 30 kwa maadui unaowamudu? Hakuna aliyekuandikia swali hilo kwenye skrini, lakini tumbo linalisikia. Japani kulikuwa na ukali zaidi: ukianza upya baada ya kushindwa, ngazi zako zote tatu zilishushwa zikalingana na iliyo chini kuliko zote. Toleo la Marekani na Ulaya lililegeza hapo, ngazi ulizopanda zikabaki zako.

Nisifiche kasoro zake, maana zipo na zinauma. Kubwa kuliko zote ni kurudishwa mwanzo. Ukishindwa ndani ya kasri la tano, lililo ng'ambo ya bahari, unaanzia kule kaskazini kwa binti mfalme na unaitembea nchi nzima tena. Kasri la mwisho pekee ndilo linalokuhurumia ukaanzia mlangoni. Maisha ya ziada yaliyofichwa duniani ni machache, na ukishalichukua moja halirudi tena. Halafu kuna mambo ambayo huwezi kuyabaini kwa akili tu, kama mji uliofichwa ndani ya msitu unaotakiwa kukatwa kwa nyundo. Miyamoto mwenyewe amewahi kuitaja miongoni mwa kazi zake ambazo zingeweza kuwa bora zaidi, akieleza jinsi mashine ilivyowabana. Namsikiliza. Lakini angalia kasoro hizi zinahusu nini: umbali, uhaba wa maisha, vidokezo. Hakuna hata moja inayogusa upanga na ngao.

Hata ile adhabu ya kushindwa ina maana yake katika hadithi. Ganon, adui mkuu wa Link, aliuawa katika gemu ya kwanza, na wafuasi wake wanataka kumfufua kwa kunyunyiza damu ya Link juu ya majivu yake. Kwa hiyo maisha yakiisha, skrini inakuambia Ganon amerudi, na kicheko chake kinasikika. Kufa kwako ndiko ushindi wao. Gemu chache za zama zile zilijali kueleza kwa nini mchezaji akishindwa jambo fulani kweli limetokea.

Maneno maarufu kuliko yote ya gemu hii yamesomwa vibaya vilevile. Katika mji wa Ruto kuna mwanamume mnene mwenye ndevu. Ukizungumza naye anasema: “I am Error.” Maana yake ni “Mimi ni Hitilafu”, na wachezaji walicheka kwa miaka wakidhani watafsiri wameboronga, au kompyuta imetapika ujumbe wake. Lakini msituni kuna mwanamume mwingine, mwenye sura ile ile, anayeitwa Bagu. Jina hilo ni namna Wajapani wanavyotamka neno la Kiingereza la mdudu wa kwenye programu. Walikuwa wawili, Hitilafu na Mdudu, utani wa watengenezaji programu. Toleo la Kiingereza likaandika jina la mmoja kwa tahajia ya Kiingereza na la mwenzake likaliacha kwa matamshi ya Kijapani, na pacha wakatenganishwa. Aliyebaki akaonekana kosa.

Tazama sasa majina ya miji: Rauru, Ruto, Saria, Mido, Nabooru, Darunia, Kasuto. Aliyecheza Ocarina of Time ameshashtuka. Saria ni rafiki wa utotoni wa Link, Mido ni yule mtoto mkorofi wa msituni, na Rauru, Ruto, Nabooru na Darunia wanakuwa wahenga pamoja na Saria. Majina ya watu wale yalikuwa yameshaandikwa kwenye ramani miaka 11 kabla. Kasuto pekee ndiyo iliyoachwa.

Wala si majina tu. Miji yenye watu wa kuzungumza nao ilianzia hapa. Kipimo cha uchawi kilianzia hapa. Triforce ya Ujasiri, kipande cha tatu cha hazina takatifu ya pembetatu, ambacho hadithi nyingi za baadaye zimejengwa juu yake, ilitajwa hapa kwanza, pamoja na alama iliyojitokeza mkononi mwa Link alipokaribia kutimiza miaka 16. Na kama uliwahi kujiuliza kwa nini kila binti mfalme anaitwa Zelda, jibu liko katika kijitabu cha gemu hii: binti mmoja alilazwa usingizi wa uchawi, kaka yake akajuta, akaamuru kila msichana atakayezaliwa katika ukoo wa kifalme apewe jina la dada yake. Yule aliyelala juu ya jukwaa la mawe ndiye huyo.

Kuna na pigo la kushuka. Katika mji wa Mido, ukiruka kwa uchawi hadi kwenye mlango wa juu wa kanisa, unamkuta mpiga upanga anayekufundisha kushuka na upanga ukiwa umeelekea chini, ukimdunda adui kichwani. Pigo hilo Link analo hadi leo katika Super Smash Bros., gemu ya mapigano ya Nintendo. Na Shovel Knight ya 2014, iliyotengenezwa na Yacht Club Games, ilichipuka kutokana na kulipenda pigo hilo hilo, wakalifanya kuwa moyo wa gemu nzima.

Leo ukiicheza kwenye huduma ya Nintendo Switch Online unaweza kuhifadhi mahali popote na kurudisha mchezo nyuma sekunde kadhaa. Wapo wanaoona ni kudanganya. Mimi nakushauri utumie bila aibu, hasa kuepuka ile safari ndefu ya kurudi, kisha nguvu zako zote uziweke kwenye mapambano.

Ukifika mwisho, ndani ya Kasri Kuu, baada ya kulishinda zimwi liitwalo Thunderbird, kivuli chako kinachomoka mwilini mwako na kusimama mbele yako. Kina upanga wako na ngao yako, na kinapigana kama wewe. Mashabiki wanajua hila: jikunyate kwenye kona ya kushoto, uchome chini mfululizo, na kivuli kitajileta chenyewe. Hila hiyo inafanya kazi. Ila ukiwa na nafasi, hifadhi mchezo kwanza, uende katikati ya ukumbi, usimame wima, ungoje kiinue ngao.