Dashibodi ikisoma nyuzi 44, sensa haijafa

Gari limeshinda juani soko la Majengo, Dodoma. Ukiwasha, dashibodi inasema nje ni nyuzi 44. Wengi hukimbilia kununua sensa mpya, yaani kifaa kinachopima joto la nje. Jamani, msitupe hela! Sensa hii mara nyingi hukaa nyuma ya bampa la mbele, na gari likisimama hupokea joto la lami na la injini. Shika barabara ya Chamwino dakika 15 bila kusimama: namba ikishuka, sensa ni nzima.

Namba ikiganda kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, shuku waya kwanza. Ukinzani (kiasi cha kuzuia umeme) wa sensa nyingi hupanda kadiri baridi inavyozidi, hivyo waya uliokatika kompyuta huuona kama baridi kali. Ichomoe sensa, ipime kwa mita ya kupimia ukinzani ukiwa umeifumbata kiganjani. Ukinzani usiposhuka taratibu, hapo badilisha.