Daftari la wanaosubiri: korona na kazi ya upasuaji Pemba

Juu ya meza ya kliniki yetu ya upasuaji hapa Pemba kuna daftari la jalada gumu. Humo tunaandika wanaosubiri operesheni: ngiri, busha, tezi la shingo, uvimbe wa kizazi, mawe ya kibofu. Mwishoni mwa Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Zanzibar, nilikaa na muuguzi mkuu wa thieta, yaani chumba cha upasuaji, tukalipitia daftari lile jina kwa jina. Kila aliyeonekana anaweza kungoja tulimpigia mstari kwa kalamu nyekundu. Tulipomaliza, kurasa tatu zilikuwa nyekundu.

Vijana wanaosomea udaktari huniuliza: korona ni ugonjwa wa mapafu, nyinyi watu wa visu iliwahusu nini? Ilituhusu tangu kabla kisu hakijashikwa. Mgonjwa anayelazwa kwa dawa ya usingizi hupitishiwa mpira kooni mpaka kwenye njia ya hewa, ili mashine imsaidie kupumua. Anayeupitisha mpira ule huinama usoni mwa mgonjwa, umbali wa shubiri moja au mbili, na mgonjwa akikohoa, pumzi yote inampiga yeye. Mwenye virusi akikohoa hapo, chumba kizima kimeingiwa. Kwa hiyo tukajipangia: wakati wa kupitisha mpira, ndani wanabaki mtaalamu wa dawa ya usingizi na msaidizi wake tu. Sisi wengine tunasimama nje ya mlango, mikono imeshaoshwa, tumeinua viganja, tunangoja hewa itulie. Operesheni ya nusu saa ikawa inakula saa moja na nusu. Siku iliyokuwa ikichukua wagonjwa sita ikawa ya wawili.

Ndiyo maana tulikimbilia ganzi ya uti wa mgongo kila ilipowezekana. Mgonjwa yuko macho, anapumua mwenyewe, amevaa barakoa yake, na mpira wa kooni hauhitajiki. Kina mama wa kujifungua kwa operesheni tulikuwa tukiwahudumia hivyo tangu zamani, na kwao hapakubadilika jambo kubwa ila mavazi. Mimba haiahirishwi.

Mavazi nayo yalitugusa mahali ambapo sikutarajia. Barakoa nzito, juu yake nyingine, juu yake ngao ya plastiki. Miwani inapata ukungu, jasho linatiririka mgongoni, na sauti haitoki. Sasa, kabla hatujafunga tumbo, muuguzi huhesabu gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu, kwa sauti, na mimi huitikia kila namba, kwa sababu gozi moja ikisahauliwa ndani ni balaa. Siku moja yeye alisema kumi na saba, mimi nikasikia kumi na nane, tukakubaliana kwa kichwa kama watu walioelewana. Nilikuwa nimeshika sindano ya kushonea. Alirudia kuhesabu kwa sababu tu moyo wake haukutulia, na gozi moja tukaikuta chini ya ini. Kesho yake tulitundika ubao mweupe ukutani, na tangu hapo kila hesabu inaandikwa kwa herufi kubwa na kuonyeshwa kwa kidole. Ubao ule upo mpaka leo.

Mei 2020 ulitoka utafiti uliotufanya tunyamaze chumba cha chai. Wagonjwa 1,128 waliopasuliwa wakiwa na korona, katika hospitali 235 za nchi 24, walifuatiliwa: karibu mmoja kati ya wanne alifariki ndani ya siku 30, na nusu yao walipata matatizo ya mapafu. Mtu anaingia kutolewa kidole tumbo, operesheni inakwenda vizuri kabisa, halafu siku ya tano anashindwa kupumua. Kwa hiyo kuahirisha hakukuwa uvivu wala woga mtupu. Kulikuwa na watu ambao kisu chetu kingewaua. Utafiti mwingine wa watu zaidi ya 140,000, uliotoka Machi 2021, ndio uliotupa kipimo cha kushika mkononi: aliyeugua korona, kama hali yake inaruhusu, asipasuliwe kabla ya wiki saba kupita.

Tatizo letu lilikuwa kumjua aliyeugua. Vipimo havikutosha, na tangu Mei 2020 takwimu hazikutangazwa nchini kwa zaidi ya mwaka mmoja. Daktari wa upasuaji anahitaji kujua ugonjwa umeenea kiasi gani mitaani ili apime hatari ya aliyelala mbele yake. Sisi tulipima kwa kuuliza: nyumbani kuna anayekohoa? Harufu ya karafuu unaisikia? Maana korona huweza kumnyima mtu harufu. Swali hili la pili mtu wa Pemba hajibu kwa kubahatisha. Bibi mmoja alisimama akili ikamwenda mbali, akasema, "Dokta, hilo mbona sikuliona. Siku ya nne hii naanika karafuu na sisikii kitu." Operesheni yake tukaisogeza mbele.

Nirudi kwenye zile kurasa nyekundu, maana hapo ndipo penye jambo langu. Kati ya majina yale alikuwamo mzee mvuvi, mwenye ngiri ya kinena aliyokuwa nayo miaka. Ilikuwa ikitoka akiinua nyavu, na akilala chali inarudi. Kitabuni hiyo ni ngiri inayoweza kusubiri. Nilimpokea kliniki, sikumpa mkono, nikamwambia, "Babu, nenda nyumbani, usibebe vizito, hali ikitulia tutakuita." Akaitikia vizuri, akanishukuru, akaondoka.

Alirudi baada ya miezi mitano, usiku, amebebwa kwenye kirikuu, anatapika, tumbo limejaa kama ngoma. Utumbo ulikuwa umetoka na kubanwa, na damu haikuwa ikifika tena. Nilipofungua nilikuta kipande cheusi kama zambarau iliyoiva. Katika hali hiyo mtu hakati haraka. Unalegeza kinachoubana, unaufunika utumbo kwa gozi zilizoloweshwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, unangoja kwa dakika kadhaa uone kama wekundu utarejea. Sehemu moja ilirejea, polepole, kama mtu anayezinduka usingizini. Nyingine haikurejea. Tulikata kiasi cha shubiri mbili, tukaunga. Ngiri ile ile, kama ningeishughulikia Aprili, ingekuwa kazi ya dakika arubaini kwa ganzi, na jioni yake angekunywa uji.

Siku ya tatu nilikwenda kitandani kwake. Akanishika mkono, jambo ambalo wakati ule halikufanyika. "Mwanangu," akasema, "ulinambia ningoje. Nikangoja." Hakusema kwa lawama. Alikuwa ananieleza kwamba alitimiza alichoagizwa. Na kweli alitimiza: maumivu yalianza Jumanne, yeye akaja Alhamisi, kwa kuwa dokta hakuwa amemwita.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Nilimwambia asubiri, sikumwambia asisubiri wakati gani. Sikumwambia kwamba ngiri ikigoma kurudi, ikiuma, ikiwa ngumu, basi aje saa ile ile, korona iwepo isiwepo. Duniani kote, katika wiki 12 za kilele cha janga, operesheni zipatazo milioni 28.4 zilikadiriwa kuahirishwa au kufutwa. Kila nikiiona namba hiyo nafikiria maneno waliyoambiwa watu wale mlangoni.

Yalikuwapo na mengine yasiyosubiri. Mikarafuu haikujua korona. Msimu ulipofika watu walipanda juu kuchuma, matawi ya mkarafuu hukatika kama biskuti, na majeruhi walikuja kama kila mwaka, paja limevunjika, uti wa mgongo umevunjika. Ila damu ilikuwa haba, kwa sababu wachangiaji wetu wengi wa hiari ni wanafunzi, na skuli zilifungwa Machi 2020. Tulipasua huku ndugu wa mgonjwa wamepanga foleni nje, mikono ya kanzu imekunjwa, wanangoja kutolewa damu. Pia walikuja watoto walioungua kwa masufuria ya kujifukiza. Mzazi anafunika shuka juu ya maji yanayochemka kwa nia njema ya kumkinga mwanawe, mtoto anashituka, sufuria linapinduka. Ninawaomba sana wanaosoma hapa: mvuke haumalizi kirusi, na ngozi ya mtoto ni nyembamba.

Oksijeni nayo ikawa jambo la kugawana. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 unamtosha mgonjwa wa thieta kwa operesheni nyingi fupi. Mgonjwa wa korona anayevuta lita 15 kwa dakika anaumaliza kwa saa saba na nusu. Nimewahi kusimama baina ya wodi mbili na mtungi mmoja, na sitaki kueleza zaidi.

Watoto wenye mdomo sungura na kaakaa lililopasuka walikuwa wakingoja kambi za mabingwa kutoka nje, na ndege ziliposimama kambi zikasimama. Kaakaa linafaa kufungwa mtoto angali na mwaka mmoja au mwaka na nusu, kabla maneno hayajakaa mdomoni. Mtoto aliyechelewa miaka miwili tunamfunga, lakini maneno yake yanaendelea kupitia puani. Huyo naye aliandikwa kwa kalamu nyekundu.

Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alipofariki tarehe 17 Februari 2021, akaletwa kuzikwa kwao Mtambwe, kisiwa kizima kililia. Chama chake kilikuwa kimeshatangaza wazi kwamba aliugua korona. Wiki iliyofuata wagonjwa wangu walikuja na barakoa bila kuambiwa, na kwa mara ya kwanza jamaa walikubali wawili tu waingie wodini na wengine wabaki chini ya mwembe.

Daftari la sasa lina safu mbili ambazo la zamani halikuwa nazo. Moja ni namba ya simu ya mgonjwa, na kama hana simu, ya jirani au ya sheha, kiongozi wa mtaa wake. Nyingine ni tarehe ya kumpigia, hata kama hatuna nafasi ya kumpa. Kabla hajaondoka, mgonjwa hurudia mbele yetu kwa mdomo wake dalili za kumrudisha hospitali siku hiyo hiyo, na muuguzi anatia alama. Juzi tulimpigia mzee wa Micheweni mwenye ngiri. Akapokea mjukuu, akasema babu yuko pwani, hajambo, na amemwagiza aseme ngiri bado inarudi ndani.