Msanii Asilazimike Kuomba

Ninaposema prodyuza simaanishi yule wa studio anayetengeneza biti. Hapa Kampala neno hilo limeshikwa na muziki, hata nikijitambulisha watu huniuliza studio yangu iko wapi. Mimi ni prodyuza wa jukwaani. Natafuta fedha, namkutanisha mwandishi na mwongozaji, naandika mikataba, nakodi ukumbi, nahakikisha taa zinawaka na watu wanarudi kwao salama. Vijana wanaoingia kwenye kazi hii huniuliza sana namna ya kuwapata wafadhili. Wanaouliza namna ya kuwatunza watu wanaofanya nao kazi ni wachache mno, na kazi nyingi nilizoziona zikivunjika zimevunjikia hapo.

Kipimo changu ni kimoja: msanii asilazimike kuomba. Akishafika mahali pa kuniuliza malipo yake vipi, au atarudije nyumbani usiku huu, au kama kuna chakula, mimi nimeshachelewa. Kuomba kunamshusha mtu, na wengi hawaombi kabisa. Mzee wa miaka sabini aliyetoka kijijini hatakwambia ana njaa. Atakaa kimya, atapuliza vibaya, nawe utadhani amesahau wimbo.

Mzee huyo simtaji kwa mfano tu. Miaka kadhaa iliyopita nilitayarisha onyesho lililowakutanisha wapuliza bigwala kutoka Busoga, mashariki mwa Uganda, mpiga gitaa Mkongomani anayeishi Nsambya, na wachezaji watatu wa hapa mjini. Kwa asiyezijua, bigwala ni tarumbeta za vibuyu, tano au zaidi, kubwa kwa ndogo. Kila moja inatoa sauti moja tu. Wimbo unapatikana kwa kupokezana: huyu anatoa yake, mwenzake anaziba nafasi iliyobaki, na ukisikiliza kwa mbali utadhani anapuliza mtu mmoja. Zilikuwa mali ya kasri, za kutawazwa na kuzikwa wafalme wa Busoga. Falme zilipofutwa mwaka 1967 zikakosa mwenyeji, na UNESCO ilipoziingiza mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, mafundi wakongwe waliojua kuzitengeneza, kuzipuliza na kuzicheza walikuwa wamebaki wanne. Tangu hapo vijana wamefundishwa, na kati ya wale niliowaleta vijana walikuwa wengi kuliko wazee.

Kwa prodyuza hesabu yake ni nyepesi. Asipofika mtu mmoja, wimbo una tundu, na hakuna wa kumpigia simu Kampala aje aketi pale.

Kutoka Iganga, mji wa kwao huko Busoga, mpaka Kampala ni kama kilomita 120, lakini anayeijua foleni ya Mukono hapangi safari kwa kilomita. Niliwaleta siku moja kabla. Mwongozaji alilalamikia gharama ya kulala, nami nilimwelewa, bajeti ilikuwa ndogo. Ila mtu aliyeamka saa kumi alfajiri, akakaa kwenye teksi, yaani basi dogo la abiria, kwa muda wa saa tano magoti yakigusa kiti cha mbele, hawezi kushuka akaingia mazoezini. Kile kibuyu kikubwa kilikuwa kimeviringishwa blanketi la kijani na kufungwa kwa utepe wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Kondakta alitaka kukitupa kwenye buti pamoja na magunia. Nilikuwa nimeshakilipia nauli yake, kwa hiyo kikaketi dirishani kama abiria, na mwenyewe pembeni yake mkono ukiwa begani kwa kibuyu. Namawojjolo waliposimama kununua nyama choma na gonja, ndizi za kuchoma, walishuka mmoja mmoja ili kisiachwe peke yake. Nauli ile ya ziada ndiyo pesa niliyoitumia vizuri kuliko zote katika bajeti ile.

Sasa pesa yenyewe, maana hapo ndipo utunzaji unapopimwa.

Nilipoanza nilikuwa nikilipa kundi zima kupitia kiongozi wao. Ilinirahisishia hesabu. Mwezi mmoja baada ya onyesho mojawapo, mpiga ngoma mdogo kuliko wote aliniamkia sokoni, akaniuliza kwa adabu kubwa kama kazi ile ilikuwa ya kujitolea. Alikuwa amepewa nauli tu. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyechagua njia iliyomfanya asionekane. Tangu siku ile kila mtu analipwa kwa simu yake mwenyewe, na jina linalotokea kwenye simu nalilinganisha na la kwenye mkataba. Kiongozi ana malipo yake ya uongozi, yameandikwa wazi, wote wanayaona.

Tena natuma na ya kutolea. Kodi ya pesa za simu iliyoanza mwaka 2018 sasa ni asilimia 0.5 ya kiasi unachotoa, na kampuni ya simu ina ada yake juu ya hiyo. Ukimwahidi mtu shilingi 300,000, zinazofika mkononi hazitimii 300,000. Kwako ni hela ndogo, kwake ni unga wa siku kadhaa. Kadhalika ile asilimia 6 ya kodi ya zuio ambayo taasisi nyingi zinatakiwa kukata kwenye malipo yanayozidi shilingi milioni moja: itaje siku ya kwanza, kwa tarakimu, kabla mtu hajasaini. Nimewaona wasanii wakiondoka wameamini wameibiwa, kumbe hakuna aliyewaeleza.

Nagawa malipo mara tatu: siku ya kusaini, siku ya onyesho la kwanza kabla mapazia hayajafunguliwa, na ndani ya siku saba baada ya onyesho la mwisho. Mfadhili akichelewa? Hilo ni deni langu, halina uhusiano na mpiga gitaa. Lakini mtaji sina kila wakati, na nisingependa msomaji afikiri kwamba mimi ni benki. Safari moja taasisi fulani ilichelewesha fungu la mwisho kwa miezi mitatu. Niliwapigia watu kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, siku mbili kabla ya tarehe niliyoahidi. Sikutuma ujumbe kwenye kundi la WhatsApp. Habari mbaya ya pesa inatakiwa iwe na sauti ya mtu, na yule anayeisikia apate nafasi ya kukasirika bila kutazamwa na wenzake. Mmoja alinikasirikia kwelikweli, kodi ya nyumba ilikuwa inamsubiri. Nikamkopesha kutoka mfukoni. Wengine waliniambia ni mara ya kwanza kupigiwa simu kabla ya tarehe.

Usiku nao una mambo yake. Onyesho likiisha saa nne, mpaka watu wabadilishe nguo na kusalimia jamaa ni saa tano. Mchezaji wa kike anayekaa Kyaliwajjala hawezi kuachwa atafute bodaboda gizani. Naagiza gari, nalilipa mapema, na sifungi simu mpaka kila mtu ameandika "nimefika". Hili halihitaji maelezo marefu. Liweke tu kwenye bajeti kama unavyoweka kodi ya ukumbi.

Lugha, hata hivyo, inahitaji maelezo. Mazoezi yetu yalikwenda kwa Kiswahili, kwa kuwa ndicho kilichomkutanisha Mkongomani na sisi wengine, na vijana wawili wakawa wakiwatafsiria wazee kwa Lusoga. Kiswahili kwetu Uganda ni lugha rasmi ya pili kwa mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005, lakini wazee wengi kiliwafikia kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka kinywani mwa askari. Siku ya pili fundi wetu wa taa, kijana mwema aliyekulia Bombo, mji wenye kambi ya jeshi, alipaza sauti kutoka juu ya ngazi: "Wewe mzee! Simama hapo hapo!" Alitaka tu kupima mwanga. Mzee aliweka tarumbeta chini taratibu. Kisha mikono yake miwili ikapanda, viganja mbele, ikasimama usawa wa mabega. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyesema neno. Alipogundua, aliishusha akajifanya anarekebisha kola.

Nilisimamisha mazoezi kwa chai. Fundi sikumkemea mbele za watu, naye pia ni mtu wangu. Nilimpeleka nje nikamweleza maana ya kile alichokiona. Alirudi akachuchumaa mbele ya mzee, akasema "Shikamoo baba, nisamehe, sauti yangu ni kubwa kuliko akili yangu." Kuanzia hapo tukakubaliana: anayetaka mtu asogee anamfuata alipo, anamwita mzee au baba au dada, anasema tafadhali. Mazoezi yalichukua muda mrefu kidogo. Yakawa mazuri zaidi.

Nina jambo jingine ambalo maprodyuza wengi wanalikwepa. Mswada wa mchezo ukiwa na maneno yanayoweza kumletea mtu matatizo, wachezaji wote waambiwe kabla ya kusaini, pamoja na anayebeba maji jukwaani. Sisi tunaofanya kazi ndani ya Jumba la Taifa la Maonyesho tunalijua jina la Byron Kawadwa, mwandishi na mwongozaji aliyeliongoza jumba lile kisanaa, akauawa mwaka 1977 wakati wa Idi Amin baada ya kurudi kutoka tamasha la FESTAC kule Lagos. Nyakati si zile. Hata hivyo uamuzi wa kubeba hatari ni wa mwenye mwili, na prodyuza anayeficha ili asimpoteze mchezaji mzuri amemwibia uamuzi huo.

Onyesho letu lilipoisha, tamasha lililotualika liliomba video yote iwekwe mtandaoni. Mkataba uliniruhusu. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 inamtambulia mwigizaji na mpiga muziki haki juu ya kazi yake inayorekodiwa, nami nilikuwa na saini zao. Lakini wazee walikuwa wamesaini kabla hawajajua video itafananaje. Nikapanda teksi mpaka Iganga na kompyuta yangu, tukaiangalia chini ya mfenesi, sauti ikitoka kwenye spika ndogo ya kuchaji. Mzee alisikiliza mpaka mwisho amefumba macho. Kisha akaomba turudi nyuma, pale wachezaji wanapoingia.

"Hapa wa tatu amechelewa," akasema. "Wajukuu wasije wakajifunza hivi."

Nikapunguza dakika moja na nusu. Tamasha lilituma barua pepe kuuliza kwa nini wimbo umefupishwa, nami nikawajibu kwamba wenyewe ndivyo walivyotaka.