Barabara Kuu ya Kabul–Kandahar: Ilivyofufua Biashara, na Kilichoiharibu Tena

Mwaka 2002, safari ya kutoka Kabul, mji mkuu wa Afghanistan, hadi mji wa Kandahar kusini, kilomita zipatazo 480, ilimla dereva siku nzima au zaidi. Barabara hiyo iliwekwa lami miaka ya 1960, kisha vita vya zaidi ya miaka 20 vikaiacha na mashimo, madaraja yaliyobomoka na mabomu ya kutegwa ardhini pembeni mwake. Greda halikuweza kuingia kabla ya wategua mabomu. Desemba 2003 tabaka la kwanza la lami lilikamilika, sehemu kubwa kwa fedha za Marekani na Japani, na safari ikawa ya saa zipatazo 6.

Abiria alipumua, lakini nafuu kubwa ilikuwa kwenye bei. Kandahar inasifika kwa makomamanga na zabibu. Tunda lililoiva likirushwarushwa kwenye mashimo kutwa nzima hufika limebonyea. Mnunuzi analishusha bei, na hasara inamwangukia mkulima. Lori nalo hukata springi, hula matairi na kumaliza dizeli, na mwenye lori huyaingiza yote hayo kwenye gharama ya kusafirisha mzigo. Barabara ikiwa nzuri, lori lililokuwa likienda safari moja huenda mbili au tatu kwa muda uleule. Mkulima anapata sababu ya kupanda zaidi, na unga unaotoka mjini unamfikia kwa bei anayoimudu.

Sasa tuseme ukweli ambao sherehe za uzinduzi huusahau. Lami inahitaji kutunzwa tangu siku ya kwanza, na adui yake mkubwa ni maji. Ufa mwembamba usiozibwa hupitisha maji hadi kwenye kokoto za chini. Gurudumu zito likipita juu yake, maji hubanwa na kuruka nje yakiwa na udongo laini. Chini panabaki uwazi, lami inatitia, shimo limezaliwa. Uzito huongeza kasi hiyo kupita watu wanavyodhani: kwa hesabu iliyotokana na majaribio ya Illinois, Marekani, ya 1958 hadi 1960, ekseli (mhimili wa magurudumu) ikibebeshwa uzito maradufu, uharibifu hufika takriban mara 16. Ndiyo maana sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, na malori yanapanga foleni kwenye mizani.

Afghanistan haikuwa na fedha za uhakika za matengenezo, na mashambulizi ya mabomu yaliendelea kuchimbua lami. Mwaka 2016 wakaguzi wa serikali ya Marekani walikagua kilomita 1,640 za barabara zilizojengwa kwa fedha zao nchini humo. Kati ya vipande 21, vipande 19 vilikuwa vimeharibika.

Kwa upande wa Tanzania, sehemu ya bei ya kila lita ya petroli na dizeli huingia Mfuko wa Barabara kwa ajili ya matengenezo. Basi ukiona kalavati au mtaro umeziba kando ya barabara kuu, wape taarifa TANROADS, wakala wa barabara kuu, mapema, kabla mvua hazijaanza.